Pikipiki ya injini ya pampu na mkanda wa ngozi ya ng'ombe: safari yetu ya Kolandoto

Wakuu, habari za humu ndani.

Shikamoo zenu nazipokea mapema, marahaba, maana nimeshavuka themanini na wengi wenu ni wajukuu zangu. Naandika kwa kidole kimoja, mtanivumilia.

Juzi kuna mwanachama aliweka picha ya pikipiki iliyofungwa injini ya mashine ya kusaga. Mlicheka sana. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha, kwa sababu niliwahi kupanda kitu cha namna hiyo kabla ya Uhuru, na kilibeba uhai wa mdogo wangu.

Nitakachosema ni kweli tupu. Kuna sehemu inaniumbua mwenyewe, nimeiacha ilivyo.

Kwetu ni upande wa Mwakitolyo, Shinyanga. Leo mkisikia jina hilo mnawaza mashimo ya dhahabu. Kwetu sisi wakati ule ilikuwa mtama, pamba na ng'ombe. Dhahabu ilikuwa huko Geita, na baba alikwenda kuifuata. Alifanya kazi mgodini miaka kadhaa, akafia huko, mwamba ulimwangukia. Mama hakukaa sana naye akaondoka kwa homa.

Tukabaki wanne. Mimi Minza, mkubwa. Masanja, ananifuata. Kabula. Na Maduhu, kitinda mimba, ambaye mama alimwacha hajaanza kutembea.

Baba mdogo alikuja na ndugu wengine wakakaa kikao. Wakasema watoto wagawanywe, kila mji uchukue mmoja. Hawakuwa watu wabaya, ndivyo ilivyokuwa desturi, yatima halali njaa. Lakini mimi nilikataa. Nikasema nitawalea wote hapa hapa kwenye mji wa baba.

Baba mdogo akaniambia, "Minza, wewe mwenyewe mtoto. Haya, lea. Siku nikisikia mmoja ameharibikiwa mikononi mwako, nakuja kuwachukua wote."

Shule nikaiacha darasa la pili. Sijutii, ingawa kuandika uzi huu kumenichukua siku nne.

Masanja alipopata nguvu kidogo akaenda kule kule Geita, kwenye karakana ya mgodi. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuwashikia mafundi spana. Kulikuwa na fundi mmoja kutoka Tabora, Mzee Ramadhani, aliyemjua baba. Huyo ndiye aliyemfundisha plagi ni nini, kabureta ni nini, na kwa nini injini inakohoa.

Masanja aliporudi nyumbani alikuja na injini ndogo ya pampu ya maji. Mgodi ulikuwa umeitupa, Mzee Ramadhani akamwombea. Aliibeba juu ya baiskeli, yeye mwenyewe akitembea kwa miguu pembeni yake njia nzima.

Nilimuuliza, "Sasa hapa tutapampu nini, na kisima tunachota kwa kata?"

Akasema, "Dada, ngoja."

Wakuu, hebu niwaeleze hiyo pikipiki, maana hapa ndipo wengi mtataka picha na picha hakuna.

Fremu ilikuwa ya baiskeli ya marehemu baba. Injini akaifunga katikati kwa vyuma na nyaya. Tangi la petroli lilikuwa kopo la mafuta ya kula. Kwenye gurudumu la nyuma alifunga duara kubwa la mti, amelichongesha kwa mzee mmoja mchonga vinu, limebanwa kwenye spoku kwa waya. Kiti kilikuwa kigoda kilichokatwa miguu. Breki ni katambuga zake mwenyewe, anaburuza chini.

Mkanda wa kuzungusha gurudumu ndio uliomsumbua. Mpira haukupatikana. Akachukua ngozi ya ng'ombe, sehemu ya mgongo, akaikata ugwe mrefu mpana, akaikausha na kuishona kwa mshipa. Aliweka mpini wa jembe pembeni: ukiuvuta, unakandamiza mkanda na pikipiki inakwenda. Ukiuachia, mkanda unalegea na injini inalia peke yake.

Siku ya kwanza alipoiwasha ng'ombe wa jirani walikata kamba. Baba mdogo alikuja kuona, akaizunguka mara mbili, akasema, "Hili ni kaburi lenye magurudumu."

Watoto wakaiita Ng'ombe wa Masanja. Ilikuwa inakwenda hadi lambo na kurudi, zaidi ya hapo hakuwahi kujaribu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Maduhu alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa na ngiri. Uvimbe ulikuwa unatoka akilia sana, nikimlaza na kumbembeleza unarudi wenyewe. Nilikuwa nimezoea.

Jioni moja ulitoka ukakataa kurudi. Ukawa mgumu kama jiwe. Mtoto akaanza kutapika, tumbo likajaa. Alfajiri tulimbeba kwa dresa, ndivyo tulivyomwita mhudumu wa zahanati. Alimgusa mara moja tu, akavua kofia.

"Hii inataka kisu," akasema. "Hospitali ya Kolandoto. Leo, si kesho. Na msimpe kitu chochote mdomoni, hata maji."

Lori la pamba lilikuwa limepita jana yake. Mkokoteni wa ng'ombe ungetuchukua siku mbili. Kumbeba mgongoni kwa miguu tungelala njiani.

Masanja akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyesema neno pikipiki, lakini alikimbia kutafuta petroli kwa karani wa pamba.

Na hapo, wakuu, ndipo nilipofanya kosa.

Wakati nikimsubiri nilimfunga Maduhu mgongoni, nikasimama kando ya ile pikipiki. Nikauona mkanda. Ulikuwa umekauka, una nyufa ndogondogo. Nikasema moyoni, huu utatukatikia porini.

Kwetu msichana anafundishwa mapema: ngozi ikikauka, ipake samli. Ngozi ya kulalia, ngozi ya kubebea mtoto, kamba za ng'ombe, zote. Mama alinifundisha kwa mkono wake. Basi nikaingia ndani, nikachukua kibuyu cha samli, nikaupaka mkanda wote, ndani na nje. Nikausugua kwa upendo kabisa. Nikaona nimefanya jambo la maana.

Masanja aliporudi alikuwa anahema, hakuangalia. Alimimina petroli, tukasukuma, ikawaka, tukapanda.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi, na samli baridini inaganda. Kwa hiyo mwanzo tulikwenda vizuri sana. Sijawahi kwenda kasi namna ile. Watu walitoka majumbani. Bibi mmoja alitupazia salamu ya asubuhi, "Mwangaluka!" lakini alipoona tunavyotoa moshi akarudi ndani kabla hatujamwitikia.

Kila penye mwinuko nilishuka nikasukuma, nikapanda tena. Maduhu alikuwa analia mgongoni. Nikawa nafurahia kilio chake, maana anayelia yupo.

Jua likapanda.

Tulipofika kwenye kilima kimoja chenye mawe, injini ikanguruma kwa nguvu na pikipiki ikasimama pale pale. Masanja akavuta mpini wa jembe. Injini inalia, gurudumu limelala. Akashuka, akashika mkanda. Mkono wake ukatoka unang'aa.

Akaunusa.

"Nani kapaka samli?"

"Mimi."

"Dada, mkanda unatakiwa ushike. Samli inaufanya uteleze."

"Nilidhani utakatika."

Alichukua mchanga akaumwagia, ukaganda vipande vipande, ikawa mbaya zaidi. Tulisukuma ile pikipiki juani hadi nikaacha kuhisi mikono. Na Maduhu sasa alikuwa amenyamaza. Nilikuwa namfinya mguu ili nisikie sauti yake.

Nilijiona muuaji, wakuu. Sina neno lingine.

Mbele tukaona mji uliozungushiwa ua wa minyaa. Mama mmoja alikuwa uani anapepeta mtama. Jina lake nililijua baadaye, Mama Ngolo. Alipotuona alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Jamani! Mmeniletea mashine ya kusaga mpaka nyumbani?"

Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, mtoto anakufa."

Kicheko kikakatika. Alikuja, akamwangalia Maduhu, akakimbia ndani akaja na maziwa. Nikakataa, nikamweleza maneno ya dresa. Alininunia kidogo, si kawaida kwetu kukataa maziwa ya mtu. Kisha akamgeukia Masanja.

"Na hili dude lina nini?"

"Mkanda unateleza, mayu. Umeingia samli."

"Nani mjinga aliyepaka samli kwenye kitu cha kuvuta?"

Masanja akasema, "Mimi."

Nilifungua mdomo nimkosoe, akanikanyaga mguu.

Mama Ngolo hakupoteza muda. Alizoa majivu ya moto jikoni, akatuambia tuufungue mkanda na tuuzike humo. Majivu yalinyonya samli, tukakwangua kwa kisu, tukazika tena. Mara tatu. Halafu akaenda kwenye ua akaanza kuvunja matawi ya minyaa.

"Mume wangu akifunga kisu kwenye mpini," akasema, "anatia utomvu huu. Ukishika hautoki mpaka utumie shoka. Pakeni upande wa ndani. Mfunikeni mtoto uso, utomvu huu unapofusha."

Mtoto nikamfunika. Mimi mwenyewe nilisahau. Tawi moja lilinirukia jicho la kushoto, na anayejua minyaa anajua maumivu yake. Nilipiga yowe. Yale maziwa niliyoyakataa ndiyo aliyonioshea jicho, huku akisema, "Umeona? Maziwa yangu yamekufikia tu."

Utomvu ulipoanza kunata vidoleni, Masanja akaufunga mkanda. Akavuta mpini taratibu. Gurudumu likazunguka.

Nilitaka kupiga magoti kumshukuru yule mama, akanisukuma nipande. "Wabeja utasema siku nyingine. Nenda!"

Tukaenda. Mkanda ulishika hadi Kolandoto, ukitoa harufu ya kuungua njia yote.

Tulipoingia, muuguzi aliponiona jicho langu limevimba kama embe akataka kunilaza mimi. Ilibidi nigeuke nimwonyeshe mgongo. Alimchukua Maduhu bila kuuliza jina.

Walimpasua jioni ile ile. Daktari alitoka, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, ila bado mzima. Tungechelewa hadi asubuhi, tungerudi na maiti.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Masanja alikaa pembeni yangu, mikono yake imejaa utomvu na majivu.

Siku ya tatu Baba mdogo alifika, amesafiri kwa lori. Alipita wodini, akamwona Maduhu anaomba uji, akatoka nje tulipokuwa. Alikuwa ameshasikia njiani kwamba tulikwama.

"Nimeambiwa mlisimama porini mtoto akiwa hoi. Kwa sababu gani?"

Nilikumbuka alichoniahidi siku ya kikao. Nikajua nikisema nimepaka samli, Kabula na Maduhu wanaondoka mikononi mwangu.

Masanja akasimama.

"Baba, kosa ni langu. Niliupaka mkanda samli. Dada hakujua."

Baba mdogo alimtukana pale mbele ya wagonjwa na wauguzi. Alimwita mjinga, mwenye kichwa cha ngedere, muuaji wa ndugu zake. Masanja aliinamisha kichwa akapokea yote. Fundi mzima, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba samli haigusi mkanda.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na watoto wa kulinda, lakini pia niliogopa.

Baba mdogo alipomaliza akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Wewe umefanya vizuri kumleta. Endelea kuwalea."

Kuanzia siku hiyo Masanja alikuwa mtu wa kutaniwa. Kwenye ngoma, kwenye mavuno, "Masanja, lete samli upake pikipiki!" Aliyachukua mpaka uzeeni, hata alipokuwa na gereji yake na vijana wanaomwita fundi mkuu. Nilimwambia mara nyingi, acha niwaambie ukweli. Baba mdogo alikwishafariki, watoto wamekua, hakuna wa kuwachukua tena. Alikuwa akijibu, "Dada, utani huu nimeuzoea. Wewe kwako utakuwa mgeni."

Kwa Mama Ngolo nilirudi baada ya mavuno, nikampelekea kapu la mtama na kuku wawili. Nilimwambia wabeja yangu. Aliipokea, akaniambia nikaribie maziwa, na safari hiyo nilikunywa kibuyu kizima.

Maduhu ana wajukuu sasa. Masanja tulimzika mwaka jana. Msibani mtu mmoja akasimulia tena kisa cha samli, watu wakacheka kwa upendo, na mimi nikashindwa kusimama kusema ukweli.

Basi leo nasema hapa, mbele ya watu wote: samli nilipaka mimi, Minza. Masanja hakuwahi kukosea kwenye ile pikipiki.

Nilichojifunza ni kwamba anayekuokoa si lazima awe anajua kitu kikubwa. Mama Ngolo alijua kufunga kisu kwenye mpini. Na mdogo wangu alijua kukaa na aibu isiyokuwa yake, ili mimi nibaki mama wa wenzake. Nimeishi kwa hisani ya hao wawili.

Kama kuna mtu amewahi kukubebea kosa lako na hujamsema, mtaje hapa chini tumjue. Kama bado yupo hai, mpigie kwanza, komenti itasubiri.

Na wale mafundi mtakaouliza: ndiyo, tulibadilisha mkanda baadaye. Ule wa zamani ulikuwa umeganda kwenye gurudumu, ukatolewa kwa shoka, kama Mama Ngolo alivyosema.