Kadi Inabaki Ndani

Kasulu mjini hakuna aliyemwita Mwanaheri kwa jina lake. Alikuwa Mama Picha kwa wauza mitumba, Mama Picha kwa mwenye nyumba, Mama Picha hata msikitini upande wa wanawake. Ukisikia jina hilo utadhani kuta za kwake zimejaa picha. Wapi! Zilikuwa tupu tangu siku zilipopakwa chokaa. Chumba kimoja, kitanda kimoja, sufuria ya kumtosha mtu mmoja, na kamera juu ya kabati, imefunikwa mtandio isiingie vumbi.

Kazi yake ni ile ambayo wapiga picha wanaume hawaipati hata walie machozi. Waislamu wenye maduka Kasulu na Kibondo, wale wenye ndugu zao Ujiji na Tanga, wakimwozesha binti, siku moja kabla ya ndoa wanawake hujifungia ndani kumpaka singo, yale manukato ya kusugua mwili. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, ngoma inapigwa, na watu wazima na heshima zao wanayarudi magoma kwa namna ambayo waume zao hawajapata kuiona. Mwanaume haingii humo. Anaingia Mwanaheri. Sharti ni moja, halijaandikwa popote na kila mtu analijua: kadi inabaki ndani. Shughuli ikiisha, anafungua kidirisha cha kamera, anachomoa ile kadi ndogo inayohifadhi picha, anamtilia shangazi wa bi harusi mkononi, na kamera inaondoka tupu. Picha za wanawake waliofunua vichwa hazilali nyumba ya watu. Miaka kumi na miwili Mwanaheri hajaondoka na hata picha moja, ndiyo maana anaitwa kuanzia Buhigwe mpaka Nyabibuye.

Sasa, kama kadi ni ya kuacha, nani atanunua ya bei mbaya? Mwanaheri alinunua zile za bei poa, na zilikuwa goigoi kweli kweli. Akipiga picha saba au nane mfululizo, kamera inagoma. Taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, inawaka karibu na kidole gumba. Maana yake, subiri, kadi haijameza. Ni kama mtoto unayemlisha uji haraka kuliko anavyoweza. Mwanaheri hushusha kamera na kungoja taa izime, sekunde sita, saba, siku nyingine kumi. Alizilaani sana sekunde hizo. Ni humo humo ambamo bibi aliyenuna tangu asubuhi huinuka akakata kiuno, na yeye kasimama na chuma chake mkononi, anatazama kwa macho tu kama mwalikwa.

Lakini jioni, akiwa peke yake na sufuria yake, hao ndio waliokuwa wageni wake. Yule bi harusi wa Buhigwe mwenye mwanya, aliyecheka mpaka akashika mbavu. Yule mama wa Nyabibuye aliyekuwa anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Walikuja mmoja mmoja, wazima wazima, na sauti zao. Mwanaheri aliamini ni kwa sababu amewapiga picha, na hakulifikiria zaidi ya hapo.

Mwezi wa saba Asia alimpigia simu kutoka Kibondo.

"Tuna singo Alhamisi ya wiki ijayo," Asia alisema. "Zuhra anaolewa Ijumaa. Kakutaja wewe. Nikamwambia sawa, atakuja kwa kazi. Tumeelewana? Kwa kazi."

"Tumeelewana, wifi."

"Na sharti unalijua."

"Kadi inabaki ndani," alijibu Mwanaheri, na simu ilipokatika alikaa kitandani mpaka chai ikapoa.

Zuhra alikuwa mwanawe, wa tumbo lake na wa pekee. Nurudini alipompa Mwanaheri talaka, mtoto alikuwa na miaka saba, akabaki kwa baba yake huko Kibondo na kulelewa na shangazi yake huyu Asia. Mwanzoni Mwanaheri alikwenda kila baada ya miezi miwili, na mkoba wa maandazi na gauni jipya. Mtoto alipofika miaka kumi na mitatu, Asia alimsimamisha mlangoni, akasema bila ubaya: "Kila ukiondoka, huyu hali siku tatu. Kama unampenda, mwache atulie." Mwanaheri alimpenda, akamwacha atulie. Alidhani ni kwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwingine, aibu ikaingia katikati, na leo Zuhra ana miaka ishirini na miwili na mama yake hajui hata urefu wake. Hakuna aliyemwita Mwanaheri kwa jina la mwanawe. Jina hilo lilibaki Kibondo pamoja na mtoto.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Kuolewa kwa Zuhra si wakati wa kudai umama, hilo alijiambia mwenyewe. Alitaka amwone. Amwone ashibe, mchana mzima, ili hata asipoitwa tena awe na akiba ya kumtosha uzee wake. Kwa hiyo akaapa kwamba siku hiyo taa nyekundu haitamkatiza hata sekunde moja.

Siku ya soko alipanda basi mpaka Makere kwa Sylvestre, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Sylvestre aliwahi kuwa na studio yake Uvira kabla ya vita kumtimua, na kila akipata kibali cha kutoka kambini hukaa Makere na kimeza, anatengeneza redio, simu na kamera. Mwanaheri akamwambia anataka kadi ya mbio kuliko zote, yenye namba kubwa.

"Mama, namba kubwa inadanganyaka watu," Sylvestre alisema, akamwonyesha kadi moja yenye mia moja na sabini imeandikwa usoni kwa dhahabu. "Unaona? Hii ni vitesi, mbio ya kutoa foto ndani, kuzipeleka kwa kompyuta. Haiko ya kuingiza. Wewe unatafuta ya kuingiza. Angalia huku pembeni, hii ka-namba kadogo karibu na V. Iko thelathini. Hiyo ndiyo ya kweli. Na ingine wanaandikaka tu, ni ya bandia. Lazima tujaribu."

Akaichomeka kadi hiyo hiyo ndani ya kamera, akamlenga mama mmoja aliyekuwa anaanika maharage, akabonyeza asiachie. Kamera ikatiririka. Mwanaheri alihesabu kimoyomoyo, ikapita kumi, ikapita ishirini, ikafika arobaini na haikukata pumzi. Taa ilimetameta kidogo tu ikazima. Alijikuta anacheka peke yake kama aliyepewa habari njema.

Bei yake ilikuwa ya mbuzi. Alilipa.

"Utairudisha, mama?" Sylvestre aliuliza huku anaifunga kwenye karatasi. "Miye naweza kukufutia foto, unaitumia tena na tena."

"Naiacha huko huko."

"Aa, mama! Carte ya bei hii unaiacha? Sasa wewe unabaki na nini?"

"Nabaki nimeona," alisema Mwanaheri.

Alhamisi alifika Kibondo kabla ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa ile ile, nyuma ya duka la Nurudini, ila imeongezwa vyumba. Wanaume walishafukuzwa, mapazia yamefungwa, taa zote zimewashwa mchana kweupe. Asia alimpokea kwa adabu, akampa maji na kumwonyesha pa kuweka mkoba, kama anavyopokelewa fundi yeyote. Wanawake waliomkumbuka walimsalimia haraka haraka kisha wakawa na kazi za kufanya jikoni.

Zuhra alipotolewa chumbani, amefunikwa kanga mbili, Mwanaheri aliinua kamera. Nyuma ya kile chuma hakuna aliyeona uso wake, na machozi yalimtoka yakaingia mdomoni bila mtu kujua. Basi hakukishusha. Kanga zilipofunuliwa alikuwa anapiga, bi harusi alipokalishwa mkekani alikuwa anapiga. Sikio lenye kipuli cha dhahabu, akapiga. Jasho juu ya mdomo, akapiga. Kadi ilimeza kila kitu. Kila baada ya muda kidole gumba chake kilijiandaa kwa ile taa, kwa mazoea, na taa haikuwaka.

Kwa ukoo ule, singo ina utaratibu wake. Bi harusi hafungui kinywa mpaka apakwe, na hapakwi na mtu yeyote mpaka mama yake mzazi atie mkono kwanza kwenye bakuli lenye ile singo ya kunukia, ampake mkono wa kulia. Ndipo shangazi na wengine wafuate. Mwanaheri alilijua hilo, na alijua pia kwamba bakuli liko mbele ya Asia, na Asia ameshapandisha mikono ya gauni. Hakutaka kulifikiria. Aliona afadhali afikirie mwanga.

Ngoma ikanyamaza. Zuhra akainua mkono wa kulia kuelekea kamera, kiganja kikitazama chini, akavikunja vidole, akavifungua, akavikunja tena. Hina ilikuwa imekolea mpaka kifundoni, maua madogo madogo na piko nyeusi kwenye ncha za vidole. Kazi safi! Mwanaheri aliusogelea ule mkono kwa lenzi, akabonyeza asiachie. Picha kumi na moja, mfululizo. Wanawake wote wakageuka wakaitazama kamera, na akafurahi, maana kuzipata nyuso zote kwa pamoja si jambo la kila siku. Akasubiri ule mkono ucheze tena. Ukashuka polepole juu ya paja. Asia akakohoa, akatia vidole kwenye bakuli, na vigelegele vikapanda.

Alasiri, shughuli ilipokwisha, Asia alisimama mbele yake na kiganja wazi. Mwanaheri alitamani azipitie picha kidogo kwenye kioo cha kamera, lakini angeanzaje kuomba? Akaichomoa kadi, Asia akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Naweza kumuaga?" Mwanaheri aliuliza.

"Yuko ndani anafukizwa udi," Asia alisema. Akamwangalia kwa muda, kama mtu mwenye neno. "Umefanya kazi, lakini."

Kwenye basi la kurudi Kasulu alipata kiti cha dirishani. Alifumba macho mapema, kama mtu anayefungua chakula alichokitunza siku nyingi. Alimngoja Zuhra aje.

Hakuja. Kilikuja kipuli. Kikaja kipande cha shavu, na vile vijimraba vya kamera vinavyoonyesha ilipolenga. Ukaja mkono wenye hina. Alijaribu kuviunganisha na havikukaa. Mwanawe anatembeaje? Akicheka, anafumba macho au hafumbi? Ni mrefu kuliko yeye, au wako sawa? Mchana mzima walikuwa chumba kimoja, na hakujua. Alipoona haji akamwita yule bi harusi wa Buhigwe, ili ajaribu tu, na yule akaja hapo hapo na mwanya wake, anashika mbavu.

Ndipo Mwanaheri alipoelewa. Alikuwa akimkumbuka huyu kwa zile sekunde alizozilaani, taa nyekundu ilipomlazimisha kushusha mikono na kutazama kama mwalikwa. Kwa mtoto wa watu aliona kwa sababu kadi ilikuwa mbovu. Kwa mwanawe alinunua nzuri.

Basi lilisimama Makere kupakia magunia ya mihogo. Ng'ambo ya barabara mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alimwona mwanawe anazurura karibu na magurudumu. Hakupiga kelele. Aliinua mkono, kiganja kikitazama chini, akavikunja vidole, akavifungua, akavikunja tena. Mtoto akamkimbilia.

Mwanaheri alitazama, na mkono wake mwenyewe ukainuka juu ya paja bila kuutuma, ukafanya vile vile. Bi harusi hatakiwi kusema. Bakuli lilikuwa limekaa pale linangoja, na wanawake wote walikuwa wamegeuka kuona kama mama atakwenda. Zuhra alimtaja yeye kwa sababu hiyo, na hakukuwa na njia nyingine ya kumwingiza mle ndani.

Hakuwa na namba ya Zuhra. Alimpigia Asia, na nyuma ya sauti ya Asia alisikia wanawake wanashangilia.

"Tumeziweka kwenye kompyuta, tunaziangalia hivi sasa," Asia alisema. "Safi. Hakuna hata moja iliyotikisika."

"Wifi, nipe Zuhra."

"Bi harusi hashiki simu leo, wajua hilo."

"Basi mwambie sikuona. Ule mkono. Mwambie mama yake anasema hakuona."

Kule nyuma vigelegele vilikuwa vimekatika, na Asia alipojibu sauti yake haikuwa na ukali wowote, ilikuwa imeshuka kama ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

"Ziko kumi na moja. Amekaa hapa anazitazama, moja moja, anazirudia. Nimwambie hukuona, Mama Zuhra, na aliyezipiga ni wewe?"