Picha ya Kaburi la Mama

Mimi ndiye niliyemuua mama kwa mdomo wangu, nikiwa na miaka kumi na minne, ndani ya ofisi ya mabati kwenye kambi ya wakimbizi, Kibondo. Nasema wazi, maana wenzangu waliokuwepo wanapenda kuzungukazunguka.

Mdogo wangu wa mwisho, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameandikwa kwenye kadi ya mgao ya mama mdogo. Kambini tuliazimana watoto kwenye kadi na kila mtu alijua, kwa sababu unga ulitoka kwa idadi ya vichwa. Kwetu Warundi mdogo wa mama ni mama, kwa hiyo hatukuona kosa. Kisha mama mdogo akaitwa kwenda Australia, na mtoto naye yumo kwenye kadi. Afisa akauliza aliyemzaa huyu yuko wapi. Mama mdogo hakujua Kiswahili, na mkalimani wao siku hiyo alikuwa anaumwa malaria, basi nikawekwa mimi. Tungemtaja mama, wangechunguza kadi zote mbili na safari ingekufa. Mama mwenyewe alikuwa ameniambia asubuhi, akinisuka, "Sema nimekufa. Aende." Nikasema amekufa. Afisa akaandika kwenye fomu pamoja na tarehe niliyoibuni, akanipa pole. Mama alikuwa nje, amekaa juu ya dumu, anasubiri kumbeba mtoto wake kwa mara ya mwisho.

Sisi tulibaki, tukapata uraia, tukapata shamba la mihogo upande wa Mabamba. Mtoto alikulia huko mbali akijua mama yake amezikwa kambini. Mama mdogo hakumwambia vingine hadi alipofariki. Mtoto huyo alipokua akanipata kwenye simu, aliniita yatima mwenzake. Mama alikuwa pembeni yangu anamenya mihogo. Nilitamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu akawa mchezaji wa raga, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai, wa kukimbia nao mkononi huku wengine wanakuangusha. Akachukuliwa timu ya taifa ya wanawake. Kila mechi alinitumia video, na mimi na mama tuliinamia simu hadi chaji ikaisha. Akiangushwa, mama alifunika simu kwa kitenge, nami nikamgombeza kwamba anatukosesha kuona. Mdogo wangu akifunga, alisimama, akainua kidole juu mbinguni. Aliniandikia kwamba anamwonyesha mama. Nilipomsomea, mama alicheka kidogo.

"Mbona ananitafutia mbali hivyo," akasema. "Niko hapa."

Mdogo wangu aliifungia nchi ile pointi nyingi kuliko mwanamke yeyote aliyemtangulia. Siku ya rekodi alilia uwanjani, kidole juu. Mama naye alilia, mikono imejaa unga. Mimi nilikasirika sana, sijui na nani. Nikamwambia yatosha, leo nampigia namwambia ukweli. Mama akanipokonya simu. Aliamini kabisa kwamba wakijua fomu ilisema uongo watamnyang'anya karatasi zake, wamvue jezi, na yale aliyofunga wayafute yote. Nikamwambia huo ni upuuzi. Lakini sikuwa na hakika, na kwa kweli niliogopa zaidi kuulizwa nani alisema amekufa.

Baadaye mdogo wangu aligongwa kichwa mara nyingi mno na madaktari wakamkataza kucheza. Hapo ndipo akaandika kwamba sasa ana nafasi, anakuja kumwona mama, na kwanza nimtumie picha ya kaburi. Nilikaa na ujumbe ule siku nyingi bila kujibu. Mama akasema nipige picha kaburi lolote la kule kambini, ni yote mamoja. Nikagoma. Tukanuniana kama watoto. Mvua za mwaka huo zilimkuta ameshaanza kuvimba miguu, tukampeleka hospitali Kasulu, na hakurudi akiwa hai.

Fundi wa msalaba aliniuliza aandike tarehe gani. Ningeweza kumpa ya zamani, ile ya kwenye fomu, na nani angejua? Nilisimama pale na hasira yangu yote, nikamtajia tarehe ya kweli. Picha sikutuma. Nilimwambia tu mdogo wangu aje.

Alikuja, mrefu, mabega mapana, Kirundi chake cha mtoto wa miaka minne. Alipiga magoti mbele ya udongo ambao haujashikana. Akasoma msalaba. Akausoma tena, akageuka.

"Siku ile ya rekodi," akaniuliza, "alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuona."

Aliuliza nani alimwambia afisa kwamba amekufa. Nikasema ni mimi. Hakunipiga wala hakunitukana. Alilaza kiganja juu ya kaburi na kukiacha hapo mpaka jua likatuchoma, na hakuangalia juu hata mara moja.