Posa ya Mjapani

Watu wakinusa kafuri hukumbuka maiti. Mie nikiinusa nacheka, na wajukuu zangu wananitazama kama nimepagawa. Sanduku la Shangazi Zuwena lilijaa kafuri. Lilikuwa sanduku la mbao lenye njumu za shaba, ndilo pekee tulilofika nalo Matrah, mji wa Oman, tulipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, na kila likifunguliwa harufu ile ilitoka kama mtu aliyefungiwa chumbani, ikakupiga usoni mpaka machozi. Ndani mlikuwa na kanga zake, buibui lake, chupa ya marashi iliyokwisha zamani, na chini kabisa, katika kitambaa cha hariri, picha ya Mjapani.

Marehemu mumewe Shangazi alikuwa akiendesha mashine ya sinema mjini Unguja. Kabla ya vita vikuu palikuwa na Mjapani muuza vitambaa, akija sinema bila kukosa, wakawa marafiki. Siku ya kuondoka alimwachia mwenzake picha ya mchezaji wa jukwaani na sinema aliyempenda kuliko wote kwao, pamoja na habari za maisha yake. Mume akamhadithia mke. Mume akafa, picha na hadithi vikabaki kwa mke. Ukiitazama picha ile utaapa ni mwanamke: uso mweupe kama umepakwa chokaa, mdomo mdogo, nywele zimepandishwa zikachomekwa maua, kichwa kimeinama kwa haya. Lakini ni mwanamume. Huko kwao zamani wanawake hawakupanda jukwaani, basi wanaume ndio waliocheza wake na mabinti, na huyu alikuwa bingwa wao.

Matrah tulifikia kwa Bi Ghaniya, jamaa ya baba kwa mbali, mjane mwenye nyumba ya udongo na mawe karibu na soko. Alitupa chumba cha juu, mama, Shangazi na mie. Baba alikuwa bado Dar es Salaam akihangaikia safari yake. Bi Ghaniya hakuwa mwanamke laini. Sauti yake ilipasua ukuta, barakoa, kile kifuniko cha uso cha wanawake wa kule, ilimfanya afanane na mwewe, na alisema lolote lililomjia. Lakini alitupa chumba wakati watu wenye nyumba kubwa kuliko yake walikuwa wakituambia karibuni, huku mlango wameukumbatia. Nisipomshukuru yeye nimshukuru nani?

Shida yetu ilikuwa ulimi. Mama na Shangazi Kiarabu chao kilikuwa cha sala na salamu tu. Mie mtoto kilikuwa kimeshaniingia masikioni, nakielewa chote, lakini nilikuwa sikisemi. Siku ya kwanza nilipofungua kinywa changu kisimani watoto walinicheka, wakaniiga, wakanifuata mpaka mlangoni wakiimba maneno yangu. Basi nikaufunga mdomo. Nje ya chumba chetu sikutoa hata neno, miezi na miezi, mpaka mtaa mzima ukaniita Bubu. Mama alikuwa akilia kwa siri, akidhani kuna kitu kimekatika ndani yangu huko tulikotoka.

Ulipofika msimu wa baridi, jua likawa la kuotwa na si la kukimbiwa, Shangazi akatoa vitu vya sandukuni kuvianika juu ya dari. Bi Ghaniya akapanda kusaidia, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo limpite. Akaiona picha. Akainyanyua, akaisogeza machoni, akaifuta kwa upindo wa kanzu yake. "Binti yenu huyu? Ana mume?" Shangazi, asiyeelewa hata neno, kwa ile adabu yetu ya kumkubalia mwenye nyumba kila analosema, akatabasamu: inshallah, inshallah. Bi Ghaniya akaomba akae nayo picha kidogo. Inshallah.

Sasa jueni kwamba Bi Ghaniya alikuwa na kijana mmoja tu, Nasor, akifanya kazi Kuwait, na alikuwa akimtafutia mke. Haikupita wiki, baada ya alasiri, mlango wetu ukagongwa. Akaingia Bi Ghaniya na wazee wawili wa kike wa mtaani nyuma yake, amevaa kanzu ya Idi, udi unamtoka mpaka kwenye nyayo, na sinia la halwa bado moto, lozi zimetapakaa juu. Mama alishangaa, lakini mgeni ni mgeni. Tukala. Wallahi tulikula, sisi wenye uchu wa halwa tangu Unguja! Nilikuwa nalamba vidole pale mzee mmoja alipouliza harusi itafanywa Matrah au Maskati. Shangazi akasema inshallah. Bi Ghaniya akaitoa picha kifuani, akaibusu, akasema, "Mkwe wangu huyu. Muoneni alivyoinamisha kichwa. Mabinti wa siku hizi hawana haya hii."

Nikaacha kulamba vidole. Utoto wangu wote sikuwahi kuogopa vile. Nilijua sinia lile likimalizwa posa imekubaliwa. Nilijua pia kwamba siku Bi Ghaniya atakapogundua amemposea mwanawe mwanamume, tena Mjapani, tena mtu mzima kuliko yeye, aibu itamwangukia mbele ya mtaa, na sisi chumba hatuna tena. Na kutoka hapo twende wapi? Shangazi hawezi kueleza. Mama hawezi. Aliyebaki ni Bubu.

Nikasema. Kiarabu changu kilitoka kimechanikachanika, Unguja yote imo ndani yake, lakini kilitoka. "Khala," nikamwambia, yaani mama mdogo, "huyu mwanamume."

Mama ndiye aliyeshtuka kwanza, wala si kwa neno lenyewe bali kwa kuisikia sauti yangu mbele ya watu, akanishika mkono kama ndiyo kwanza nazaliwa. Bi Ghaniya akaitazama picha, akanitazama mie, akarudi kwenye picha. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia katika sala nacheka, sina budi kuanza upya: akaishusha barakoa yake mbio mbio, akajisitiri asionwe na ile picha. "Mwanamume!" akapiga ukelele. "Na nimelala naye chini ya mto wiki nzima!"

"Basi umeshaolewa, ewe Ghaniya," mzee mmoja akamjibu bila kuacha kutafuna. "Muandikie Nasor kwamba amepata baba."

Tulisubiri atutukane. Badala yake kicheko kilimshika akakaa chini, barakoa imekwenda upande, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akakata tonge la halwa, akanitia mdomoni kwa mkono wake. "Kumbe Bubu anasema. Haya, sema yote. Mwanamume mzima avae hivi kwa nini?"

Ndiyo ikawa kazi yangu msimu ule. Kila baada ya alasiri wanawake wakapanda chumbani kwetu na kahawa yao na tende zao. Shangazi akisimulia kwa Kiswahili, mie nakigeuza Kiarabu, nikikosea wananisahihisha, nikipata wananiambia endelea. Tulianza na utoto wake, baba yake naye mchezaji, akimfundisha kutembea kike kwa kumbana karatasi katikati ya magoti, ikianguka anachapwa. Bi Ghaniya hakuamini, akataka kujaribu. Akazunguka chumba kizima amebana kipepeo cha ukili cha kujipepea, anachechemea kama kuku aliyefungwa, sisi tumelala chali kwa kucheka. Halafu ikaja sinema. Wakubwa wa jukwaani wakamwambia, ukienda kucheza mbele ya mashine usirudi kwetu. Akaenda. Picha zenyewe zilikuwa hazina sauti, na pembeni ya pazia alisimama mtu akiwasemea wote, mume, mke na mtoto, watazamaji wakalia. Niliposikia hivyo nilijiona mrefu. Mtu yule wa pembeni alikuwa mie.

Siku moja tukafika penye uchungu. Wanawake wenyewe wakaruhusiwa kucheza sinema, na bingwa wetu akawa hana kazi. Uso uleule uliokuwa ukigombewa hautakiwi tena na mtu. Shangazi alipofika hapo sauti ikamkauka. Nafikiri ndipo alipojiona mwenyewe. Nikasema bila yeye, nilikuwa naijua hadithi kwa moyo: akakaa nyumbani muda mrefu, kisha akanyoa zile nywele, akarudi kuomba mahali palepale alipokuwa mfalme, akapewa kucheza baba, mlinzi, mzee wa mlangoni. Vitu vidogo. Akavicheza vizuri.

"Akaanza tena?" akauliza Bi Ghaniya.

"Akaanza tena."

Akamtazama mama, akamtazama Shangazi, akakoroma kama kawaida yake. "Basi na nyinyi kaeni hapa mpaka muanze." Hakulirudia tena neno lile. Tulikaa mpaka baba alipofika, na hata baadaye, mpaka mwaka wa sabini mambo ya nchi yalipofunguka na tukapata kwetu.

Leo nakaa Al Khoudh, nje ya Maskati, kwa mwanangu, nyumba ina vyumba vingi hata vingine havina mtu wa kuvilalia. Mimi shule yangu ilikuwa ndogo, lakini mjukuu wangu Asya anasoma chuo kikuu hapo karibu, na lugha tatu anazisema bila kuuma ulimi. Nasor alioa, mwanamke safari hii. Picha Shangazi aliniachia mie, bado inanukia kafuri. Juzi Asya akaniambia, "Bibi, lete nikutafutie huyu mtu ni nani." Akaielekezea simu yake, simu ikafikiri, kisha akanisomea: mwanamke wa Kijapani katika vazi la zamani.

Nilicheka mpaka wakaja kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Simu yenyewe ghali, inajua dunia nzima, na imefika palepale alipofika Bi Ghaniya juu ya dari.

"Nayo imekuja kuposa," nikamwambia Asya. "Kaniletee halwa, halafu ukae hapa nikusemee."