Samaki wa Macho

Mwanapili binti Boga wa Mwabungo alikuwa mpambaji wa maharusi kabla hajawa mpambaji wa sahani. Hina yake ilisifiwa kutoka Ukunda hata Msambweni, na ndiyo iliyomfikisha hotelini. Mdogo wake Kibwana, aliyekuwa weita katika hoteli moja ya Diani, alipooa, mpishi mkuu Bwana Lenz alikuja kutoa zawadi. Akaiona mikono ya bibi harusi, Jumwa, ilivyochorwa maua mpaka kwenye viwiko. Akauliza, ni nani huyu mwenye mkono huu? Haukupita muda, Mwanapili akawa amesimama jikoni kwake, aproni nyeupe juu ya leso.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na wageni walikuwa wakizidi kumiminika. Bwana Lenz alimfundisha kwamba mchuzi haumwagwi juu ya chakula, unachorwa pembeni kwa kijiko. Ukingo wa sahani hupanguswa kwa kitambaa chenye siki. Tena nusu ya sahani iachwe tupu. Hilo la mwisho lilimkera, maana kwao sahani yenye nafasi ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini mkono wake ulielewa upesi kuliko moyo: hata hina haipendezi ila kwa ngozi iliyoachwa.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa samaki wa macho. Tewa mzima, mrefu kama mtoto, alichemshwa, akavuliwa ngozi, kisha Mwanapili akamtengenezea magamba mapya kwa vipande vya tango vyembamba kama karatasi. Juu yake ilimiminwa supu ya mifupa, ikagandishwa kwa barafu mpaka samaki akang'aa kama aliye ndani ya kioo. Huyo hakuliwa. Aliwekwa katikati ya meza ili watu wamtazame, nao wakapakuliwa samaki mwingine. Karamu ikiisha, Bwana Lenz mwenyewe alimtupa.

Masika moja mvua ilinyesha mpaka barabara ya Likoni ikakatika. Lori la barafu halikufika. Hotelini kulikuwa na karamu ya kumuaga meneja, na tewa wake alikuwa amekwisha kupambwa tangu jana. Mwanapili alipofunua kitambaa asubuhi, kioo kilikuwa kimeanza kulegea na kutoa jasho. Akainama kunusa, akarudi nyuma.

"Bwana, huyu ameharibika."

Bwana Lenz naye akanusa. Uso haukumbadilika. "Si wa kuliwa, Mwanapili. Ni wa macho. Mwekee ndimu, mwekee kotmiri nyingi. Na usiwaambie maweita, wasije wakakunja pua mbele ya wageni."

Akafanya alivyoambiwa. Alipanga vipande vya ndimu kutoka kichwani hadi mkiani, akachomeka karafuu pale palipokuwa panatoa harufu, akamwaga supu mpya. Kadiri alivyomficha ndivyo samaki alivyozidi kupendeza. Kibwana akaja kumbeba.

"Dada, leo umepita kiasi! Huyu ni wa mfalme."

Mwanapili akafungua kinywa, akamwona Bwana Lenz mlangoni, akakifunga.

Karamu ilikwenda salama. Wageni walipiga picha, hakuna aliyemgusa yule tewa. Mwanapili alimshukuru Mola, akaenda kuswali adhuhuri yake kwenye chumba cha wafanyakazi wa kike. Bwana Lenz alikuwa bado anapigiwa makofi kule mbele. Mwanapili aliporudi jikoni, sinia lilikuwa tupu. Kimebaki kipande kimoja cha tango.

"Yuko wapi samaki?"

"Tumemgawana," akasema Chirau, weita mwenzake Kibwana, akijifuta midomo. "Kila siku wanamtupa baharini. Kitu kizuri vile! Mimi nimeonja tu, ndugu yako ndiye aliyekula akashiba. Kipande kingine amempelekea mkewe."

Mwanapili hakuvua aproni. Alitoka mbio kwenye matope mpaka Mwabungo, viatu mkononi. Alimkuta Jumwa, mimba yake imeshakuwa kubwa, ameketi ukumbini na kile kipande mbele yake juu ya sahani, magamba ya tango bado yamepangika.

"Wifi, karibu. Nimeshindwa kukimega. Naona vibaya kukiharibu."

Mwanapili aliinyakua sahani akaitupa uani, kisha akatoka akafukia kila chembe ili hata kuku wasidonoe. Jumwa alidhani amepandwa na pepo.

"Kibwana yuko wapi?"

"Amelala ndani. Anasema tumbo linamsokota."

Kulipokucha Kibwana hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Wakamtia kwenye machela, wanaume wakapokezana kumbeba njia nzima ya Msambweni, maji yakiwafika magotini kwenye kila kijito. Hospitalini walimpokea na kumtundikia maji, lakini alikuwa amekwisha kauka. Kabla ya Ijumaa akafariki. Chirau aliumwa akapona.

Hotelini ilisemwa kwamba marehemu alikunywa maji ya kisima. Bwana Lenz alileta magunia ya mchele matangani, akaketi mkekani na wanaume, hakuweza kumtazama Mwanapili. Arobaini ilipopita, Mwanapili akarudi kazini. Ndugu walishangaa, wengine walimtukana.

Katika karamu ya kwanza alimpamba tewa kama kawaida. Wageni walipoondoka, alilitoa sinia nyuma ya jiko, akawaita maweita wote, akachukua chupa ya mafuta ya taa akammwagia samaki kichwa hadi mkia.

"Huyu ni mzima, dada!" Chirau akalia. "Nimemnusa mwenyewe. Tuna njaa, na wewe unamwaga neema ya Mungu!"

"Najua ni mzima," akasema Mwanapili. "Siku akiwa mbovu, hamtaambiwa."

Akafanya hivyo miaka yote aliyokaa pale. Watoto wa maweita walikua wakiambiwa yule mama ni mchawi, na walipokutana naye njiani walivuka upande wa pili. Mwana wa Jumwa, aliyezaliwa masika yale yale, alikuwa mmoja wao.