Maji ya Katikati ya Ziwa

Ninyi mtakaosoma haya, mimi ni mzee wa Mkuyuni, huku mjini kando ya ziwa, shule niliionja tu, kwa hiyo mwandiko muuvumilie. Nilizaliwa kisiwani na nimekunywa ziwa tangu utotoni. Kulazwa nilikuwa sikujui. Hata meno ninayo yote, ila hayo si mazungumzo ya leo.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda kisiwani kumwona dada yangu. Kabula, mke wa mwanangu, akanifungia chupa ya maji ya kuchemsha.

"Baba, haya ya kunywa njiani."

"Maji ya kuchemsha yamekufa," nikamwambia. "Wape kuku."

"Kuku wanakunywa hayo hayo, baba. Umeona wakiugua?"

Chupa nikaiacha mlangoni.

Sisi wa visiwani tuna namna yetu. Mtumbwi ukifika katikati, unainama, unayasukuma maji ya juu kwa kiganja, unayafukuza, halafu unateka yaliyo chini yake. Baba alinifundisha hivyo, naye alifundishwa. Tunaamini uchafu wote unabaki ufukweni. Jua lilikuwa kali, nikanywa mpaka nikacheua. Mwenye mtumbwi akacheka: "Mzee, bakiza, tusije tukakwama."

Kwa dada nilikula, nikalala vizuri. Kesho yake tumbo likaanza kunguruma. Nikaenda chooni, na kabla sijafika mlangoni kurudi, nikageuka tena. Mwisho hayakuwa mavi, yalikuwa maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Nikatapika. Misuli ya miguu ikajisokota, nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha. Dada akafunika mdomo kwa kanga.

"Macho yako yameingia ndani," akasema. "Umefanana na baba siku ile tunamzika."

Hapo nikajua nakufa.

Wakanilaza kwenye mtumbwi ule ule kunirudisha mjini. Na hili ndilo linalonishangaza mpaka leo. Ziwa lote lile limenizunguka, huoni mwisho wake, na mimi nimelala katikati yake nakauka. Ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi ya ng'ombe.

Hospitali muuguzi akasema, "Shikamoo, babu." Marahaba haikutoka. Akaifinya ngozi ya mkono wangu, ikabaki imesimama. "Huyu amekauka. Ni kipindupindu." Akatafuta mshipa, haukuonekana, akatafuta tena mpaka akaupata. Nikatazama juu, nikaona mfuko wa maji unaning'inia, yanashuka tone kwa tone. Nikayasikia yakipanda mkononi, ya baridi, hadi begani. Mungu wangu. Kumbe mtu anamwagiliwa kama mche wa nyanya, na anainuka.

Kabula akawa ananinywesha maji ya dawa, yale yenye chumvichumvi, kijiko kwa kijiko. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana wanaheshimiana sana, hata sahani moja hawali. Yeye hakujali.

"Baba, na haya yamekufa?"

"Nipe," nikanong'ona.

Muuguzi kila akipita swali lake ni moja: "Babu, umekojoa?" Mzee mzima naulizwa mkojo mbele ya mkwe. Nilitamani kujifunika shuka. Lakini walikuwa wanangoja kuona kama mwili umerudi. Asubuhi moja mkojo ukaja, kidogo tu, rangi kama ya chai isiyo na maziwa. Nililia. Muuguzi akaingia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekojoa."

Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka nao.

Namshukuru Mungu, na muuguzi yule, na Kabula. Ninyi mnaosafiri, bebeni maji ya kuchemsha. Kuhara kukianza, msikae kungoja kuishe. Kimbilieni hospitali, na njiani mnywe hayo hayo ya kuchemsha.

Ziwa sikulichukia. Juzi nilikwenda tena kwa dada. Tulipofika katikati nikainama, nikayasukuma maji ya juu kwa kiganja, nikayaangalia yale ya chini. Yalikuwa maangavu, yametulia, huoni kitu ndani yake. Nikayatazama sana. Kisha nikaufuta mkono kwenye suruali, nikafungua chupa ya Kabula.