Kidude cha Shabani cha kupima joto la chumba cha vifaranga: leo nasema ukweli wote

Mbukwenyi wakuu wa humu, nawasalimu kwa Kigogo.

Najua wengi mngeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda: marahaba, marahaba, na wewe wa nyuma marahaba.

Mimi sikusoma. Naongea, mjukuu wangu Neema anachapa. Nimemwambia asinisafishe maneno. Ninayosema yalitokea nyumbani kwangu hapa Dodoma, nilikuwepo, na sehemu mbaya niliifanya mimi.

Juzi Neema alinisomea uzi wa kijana mmoja wa chuo, anajisifu ametengeneza mtambo unaowasha na kuzima joto la chumba wenyewe, una microcontroller, ile chip ndogo inayopangiwa kazi. Vijana mkampongeza sana. Nikacheka. Nikamwambia Neema, huo sisi tulikuwa nao wakati mama yako yuko Form Three.

Enzi zile mashirika ya umma yanauzwa, mengine yanafungwa. Mume wangu alikuwa tarishi kwenye shirika moja hapa mjini, miaka ishirini anabeba mafaili. Siku moja akarudi saa nne asubuhi. Miaka yote ile hajawahi kurudi saa nne asubuhi.

Nikamuuliza kulikoni. Baba Grace huwa anaongea kama barua, alizibeba mpaka zikamwingia. Akasema hivi, kasimama mlangoni na kofia mkononi: "Mama Grace, napenda kukujulisha kwamba nimepunguzwa."

Nikasema sawa, ingia ule.

Tukaanza kufuga kuku. Mji mzima ulikuwa unafuga kuku, kila aliyepunguzwa alinunua vifaranga.

Vifaranga wa kwanza tuliwawekea jiko la mkaa chumbani. Wale hawana mama, lazima uwatie joto. Baba Grace akaona upepo unaingia, akaziba dirisha kwa gunia, akaziba na chini ya mlango. Asubuhi tukakuta wamelala wote. Wamepangana vizuri kabisa, kama wanafunzi paredi. Hakuna hata mmoja aliyeamka.

Siku ya tatu Baba Grace akatoa tangazo: "Tutanunua mara ya pili na ya mwisho. Hawa wakifa, familia itahamia Kibakwe kwa shughuli za kilimo."

Wakuu, Kibakwe ni kwao. Pazuri, milima, maharage yanastawi. Lakini Kibakwe kuna wifi yangu. Alikuwa ameshatuma salamu kwa sauti yake ile ya kufinya pua: "Njooni tuu wifi, chumba nimeshafagia, na jembe lako nimelitia mpini." Jembe langu. Hajaniuliza hata kama nakuja.

Hilo la wifi nalitania. La kweli lilikuwa Grace. Ndiye mtoto wangu wa kwanza kufika Form Three, na shule ilikuwa hapa mjini. Tukihama, anaacha. Mimi niliachishwa kabla sijaanza, kwa hiyo najua inavyokuwa.

Kwa hiyo vifaranga mia mbili wakija, lazima waishi. Ndiyo habari yenyewe hiyo.

Chumba cha uani tulimpangisha kijana mmoja wa Kondoa, Shabani. Naye alipunguzwa shirika lilelile, alikuwa fundi wa mitambo huko. Kijana mpole, anaongea kama anakuomba radhi. Akaja jioni moja akapiga magoti kusalimia, halafu akasema, "Mama, kimsingi, kwa ruhusa yako, naweza kukutengenezea kitu kitakacholinda joto la hao vifaranga. Kinafikiri chenyewe."

Nikamwambia nyumba hii tayari ina mmoja anayefikiri mwenyewe, na umeona alichofanya kwenye dirisha.

Lakini nikamruhusu.

Chip yenyewe ilitoka Dar, ilitumwa kwa basi ndani ya boksi la dawa ya meno. Kadude keusi, miguu kumi na minane, kama tandu aliyekatwa. Akaenda kukapangia maneno kwenye kompyuta ya stationery sokoni, akarudi anatabasamu peke yake.

Alitengeneza boksi la mbao, akalifunga ukutani. Mbele kuna namba nyekundu zinawaka. Kwenye boksi unatoka waya mrefu, mwisho wake kuna kidude chenye miguu mitatu, kidogo kuliko mende. Hicho ndicho kinachosikia joto. Alikining'iniza katikati ya chumba, chini, usawa wa migongo ya vifaranga.

"Huyu mdogo anapima," akasema, "yule mwenye miguu mingi anaamua. Ikishuka chini ya thelathini na mbili, anawasha taa hizi nane ziwape joto. Ikifika thelathini na tano, anazima taa, anawasha feni."

Akaweka. Ikalia tak! Taa zikawaka. Tukangoja. Tak! Zikazima.

Baba Grace alileta kiti akakaa mbele yake siku nzima. Kila ikilia tak, anatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mahubiri. Jioni akaniambia, "Mama Grace, kile kifaa kinafanya kazi kuliko meneja wetu."

Vifaranga mia mbili wakaletwa, na siku tano hatukupoteza hata mmoja.

Ikaja harusi ya dada yake Shabani huko Kondoa. Akaaga, akasema atarudi Jumapili. Akasisitiza sana, mikono kifuani: "Mama, nakuomba, msiguse kitu."

Naapa sikugusa. Nilifunika tu.

Ngoja niwaeleze, maana vijana wa sasa nyumba zenu ziko wazi kama uwanja. Zamani kitu cha thamani hakikai uchi. Redio inafunikwa kitambaa cha kufuma. Viti vinafunikwa migongo. Saa ya ukutani ilikuwa na chake. Mwanamke ambaye redio yake haina kitambaa, wenzake walikuwa wanamwangalia hivi, kwa jicho moja.

Na Jumamosi ile wamama wa kanisani walikuwa wanakuja kwangu kwenye ibada ya nyumbani. Habari za mtambo walishazipata. Lazima wataomba kuuona. Sasa wauone uko uchi, na waya unaning'inia katikati ya chumba kama mkia wa panya?

Asubuhi nikatoa kitambaa changu cheupe chenye maua ya pinki, kile cha wageni. Nikakivalisha boksi. Ule waya nikaukunja vizuri, nikauchomeka pembeni ya boksi pamoja na kile kidude chake, ndani ya kitambaa. Nikakunja pembe moja ili namba zionekane. Nikarudi nyuma kuangalia. Nawaambia, lilipendeza kama meza ya bwana harusi.

Wamama wakaja. Wakaimba, wakasali, wakanywa chai. Halafu mama Eliza, kiongozi wetu, ambaye sentensi yake moja unaweza kuosha vyombo na bado hajamaliza, akasema, "Sasa mpendwa, pamoja na baraka hizi zote ambazo Bwana ametuwekea mbele yetu, na chai pia, hebu tuoneshe hicho chombo."

Nikawaonesha. Mara ikalia tak! Taa zikazima, feni ikaanza kuvuma. Wakapiga makofi. Mama Eliza akauliza kama kitambaa nimekifuma mwenyewe. Nikasema ndiyo.

Saa nane mchana nikasikia vifaranga wanalia.

Kilio cha baridi nakijua. Kifaranga mwenye njaa anapiga kelele huku anatembea. Mwenye baridi anasimama mahali pamoja anavuta sauti, piiii, piiii, kama anamwita mtu. Nikaingia. Wamerundikana kona moja, wanapandana. Taa zimezima. Feni inawapuliza. Na ulikuwa mwezi wa saba, mnajua upepo wa Dodoma mwezi wa saba, mimi mwenyewe nina sweta na kanga mbili.

Nikamwita Baba Grace. Akaja na koti lake la kazini. Akainama, akasoma namba.

"Thelathini na sita."

"Baba Grace, humu kuna baridi."

"Mama Grace, kwa mujibu wa kipimo, humu kuna joto."

"Angalia watoto hawa wanavyotetemeka."

"Hiyo huenda ni homa. Mtu mwenye homa hutetemeka hata juani."

Akavua koti.

Wakuu, sitanii. Alivua koti, akalitundika msumarini, akakaa kwenye kiti chake na shati la mikono mifupi. Namba imesema joto, yeye ni mtu wa utaratibu. Baada ya muda kidogo nikaona vinywele vya mikono vimesimama. Nikamuuliza, unasikiaje? Akasema, "Nasubiri maelekezo."

Kwenye saa kumi nikaokota wa kwanza aliyekufa. Nikamwekea mume wangu kwenye kiganja, mbele ya namba. Aliinuka, akaleta mabeseni.

Tukawahamishia wote chumbani kwetu. Tukajaza maji ya moto kwenye madumu ya mafuta, tukayaviringisha kanga, tukawapanga vifaranga kuyazunguka. Grace aliacha daftari zake akawa anachemsha maji. Kila nikiingia jikoni namkuta anahesabu kwa midomo, bila sauti. Sikumuuliza kama ni vifaranga au ni siku zake za shule.

Na mimi nilikuwa nafanya nini kwa mdomo? Namtukana Shabani. Namwigiza. "Kimsingi mama, kwa ruhusa yako mama, kinafikiri chenyewe mama." Nikamwambia Baba Grace, huyu kijana ametuletea tandu. Jirani akapita, nikamwambia. Kanisani Jumapili asubuhi nikawaambia na wale waliopiga makofi.

Walikufa kumi na mmoja.

Shabani akashuka kwenye basi la Kondoa Jumapili mchana, hata mkoba hajaweka chini, ana kipande cha keki ya harusi ametuletea. Akaona sura zetu. Akaingia kwenye chumba cha kuku peke yake. Sisi tukabaki mlangoni.

Alisimama mbele ya boksi. Akanyanyua kitambaa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria ya mtu mwingine. Akaona waya umekunjwa vizuri. Akagusa boksi kwa kiganja. Boksi lina kidude ndani kinachopooza umeme, kinakuwa cha moto kama chapati iliyofunikwa. Mle ndani ya kitambaa kulikuwa na joto zuri sana. Ni chumba ndicho kilikuwa na baridi.

Akageuka akaniangalia mimi. Mara moja tu.

Baba Grace akauliza, "Kijana, tatizo ni nini?"

Shabani akasema, "Waya ulilegea, baba. Nilifunga vibaya. Kosa ni langu."

Na kile kitambaa alikuwa ameshakikunja, kiko mfukoni mwake.

Baba Grace akanyoosha mgongo. "Basi tunakushukuru kwa huduma yako. Fungua mtambo wako. Tunarudi kwenye mkaa."

Akaenda uani, akatoa lile jiko, akaanza kupepea kwa kipande cha boksi. Lile gunia nalo amelikunjua, liko pembeni linangoja dirisha. Huku ndani namsikia Shabani anafungua skrubu. Moja. Ya pili.

Nilikaa kimya, wakuu. Nisiwadanganye. Nilikaa kimya mpaka mkaa ukaanza kushika. Nilikuwa nawaza, nikisema, kanisani nitapitaje. Kisha nikamwona Grace kasimama na beseni la vifaranga, anamwangalia baba yake anavyopepea. Aliwaona wale wa kwanza walivyokuwa wamepangana.

Nikaenda uani. Nikasema, "Baba Grace, waya haukulegea. Niliukunja mimi. Nilikivalisha kidude kitambaa, kikasikia joto la kitambaa, kikatuzimia taa. Shabani hana kosa. Ukirudisha hilo jiko tutawazika wote, na Grace tutamzikia shule."

Akaacha kupepea. Akaniangalia muda ambao mama Eliza angeweza kumaliza sentensi.

Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, si ya barua: "Na mimi nilivua koti."

Akachukua birika, akaliweka juu ya jiko. "Tuchemshe chai. Kijana, rudisha skrubu."

Shabani alirudisha. Safari hii alikizungushia kile kidude kichujio cha chai kisiguswe. Na kwa kuwa anajua sisomi, akachora kwenye boksi kitambaa chenye maua, akakikata kwa mstari mwekundu. Hiyo niliisoma.

Wale mia moja themanini na tisa walikua, karibu wote. Wakataga. Hatukwenda Kibakwe. Grace alimaliza Form Four, na huyu anayechapa ni mtoto wake, anajifanya hasikii.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema kama nilivyowaambia hapa. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Wamama wawili wakamwagizia Shabani mitambo. Wote wawili waliniuliza pembeni rangi gani ya kitambaa inafaa.

Nilichojifunza: kile kinachopima kiweke mbali na boksi lake, kiwe pale alipo anayesikia baridi. Na namba ikikuambia kuna joto huku kifaranga anatetemeka, mwamini kifaranga.

Lakini hilo hata bila mimi mngelijua, nyie mmesoma. Kinachoniuma si wale kumi na mmoja. Ni ule muda wa mkaa kushika, kijana wa watu anafungua skrubu kwa kosa langu, na mimi nimesimama pale nimefunga mdomo, mimi ambaye mdomo haujawahi kunishinda.

Haya. Na wewe uliyewahi kumharibia fundi kazi yake halafu ukamwachia lawama, sema hapa chini. Usiogope, mimi nimetangulia.