Kijiko Kimoja Kwenye Maziwa

Mtaani walimwita Mama Kopo, kwa sababu ya makopo ya unga wa virutubisho aliyoyatembeza nyumba kwa nyumba kwa miaka sita. Hakuwa tapeli. Alichouza alikunywa mwenyewe, na alikiamini kwa moyo wote. Jirani akikohoa tu, yeye ameshafungua kifuniko: "Kinga imeshuka hiyo, tuipandishe."

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amepandikizwa figo ya dada yake mwaka mmoja uliopita. Tangu hapo alimeza vidonge vya kushusha kinga asubuhi na jioni, ili mwili wake usiishambulie figo ya dada kama mgeni aliyeingia bila hodi. Daktari alilieleza hilo mara tatu. Mama Kopo alilisikia mara tatu, na mara zote moyo wake ulilikataa. Mgonjwa apunguziwe kinga? Mvua zilipoanza, fundi akawa anakohoa hadi kitambaa kinamteleza chini ya sindano. Mkewe akachukua kopo la bei ya juu kuliko yote, akakoroga kijiko kimoja kwenye maziwa yake ya asubuhi. Hakumwambia mtu. Kikohozi kikaisha, naye akaendelea kukoroga. Wiki tatu.

Sasa walikaa kwenye benchi la kliniki, fundi katikati, mkewe huku, dada yake kule. Damu ya wiki iliyopita haikuwa nzuri. Walisubiri majibu ya leo.

"Kaka, usiitese figo yangu," wifi alitania. "Niliilea miaka thelathini na minne, haijawahi kulala njaa."

"Inalalamika kwamba huku nyama ni ya kutafuta kwa tochi."

Wakacheka. Mama Kopo naye akacheka, akichelewa kidogo.

Daktari aliwaita wote watatu, akalaza karatasi mbili mezani.

"Namba ya sumu kwenye damu imepanda tena. Figo inashambuliwa. Fundi, umeruka vidonge?"

"Hata kimoja, daktari. Naweza kusahau jina langu, vidonge sisahau."

"Mitishamba? Virutubisho? Chochote cha kwenye kopo?"

"Hapana. Mke wangu anauza, lakini mimi sigusi. Si ndiyo, mama?"

Alimgeukia akiwa ametulia kabisa. Mama Kopo alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo, ingeweza kuwa hapana.

"Basi tunakulaza leo," daktari alisema, akianza kuandika. "Dawa kali zaidi. Na tutachomoa kipande kidogo cha figo tukipime."

Wifi alijishika ubavuni, pale penye kovu.

Mama Kopo angeweza kunyamaza. Kesho angeacha kukoroga, kopo angelitupa, na hakuna ambaye angejua. Wazo lilimjia pole pole, kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha. Kalamu ya daktari ilikuwa imefika mstari wa tatu.

"Mimi nampa," alisema.

"Unampa nini, mama?"

"Unga wa kinga. Kwenye maziwa. Hata leo asubuhi."

Kalamu ilisimama. Fundi alitazama viganja vyake.

"Wifi," dada yake alisema taratibu, "mimi nilikatwa."

Daktari hakumgombeza. Alitaka kopo hilo liletwe saa hiyo hiyo, akasema kulazwa kuko pale pale, ila sasa angalau wanajua cha kuzuia.

Siku ya nne namba ilianza kushuka. Wifi alipiga makofi wodini hadi muuguzi akamkodolea macho. Mama Kopo alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akamimina maji kwenye glasi, akampelekea mumewe kitandani.

Fundi aliitazama ile glasi. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Iweke tu hapo, mama," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Nimiminie wewe."